Nilificha macho yangu kwa miaka saba: jibu kwa dada mwenye mdogo wake wa miaka 19

Dada, swali lako nimelisikiliza mara tatu kabla ya kuanza kuandika. Umesema mdogo wako wa kiume ana miaka 19, yuko kidato cha tano, na hospitali wamewaambia ana ugonjwa wa retina wa kurithi uitwao retinitisi pigmentosa, usio na dawa. Mchana anaona, hata meseji anasoma, ila giza likiingia anashika kuta. Fimbo nyeupe kaikataa, kawakataza watu wa nyumbani wasilitaje jambo hili kwa mtu, na mama yenu ameanza kuulizia mganga. Ukamalizia kwa kuuliza: ataishije?

Ninao ugonjwa huohuo. Nina miaka arobaini na kitu sasa, ni mwalimu, nina mke na watoto. Nitaandika kirefu kwa sababu majibu uliyopewa huko juu mengi yanahusu juisi ya karoti na maombi, na hakuna aliyegusa kinachomsumbua huyo kijana.

Nilizaliwa Muheza, mkoani Tanga, kwenye nyumba iliyozungukwa na michungwa. Jioni wenzangu wakitoka kucheza kombolela, mimi nilibaki barazani kwa bibi. Nilikuwa natamani kucheza, lakini jua likishazama nyuma ya milima ya Usambara uwanja wote ulifutika, na sauti za wenzangu zikawa zinatoka mahali nisipopaona. Nilidhani kila mtu ndivyo anavyoona, ila wao ni hodari zaidi yangu. Bibi ndiye aliyegundua. Alimwambia mama, "Mtoto huyu kama kuku, jua likizama anatafuta banda."

Akaanza kunilisha maini. Kila mbuzi aliyechinjwa mtaani, ini lilifika kwetu. Matembele, mchicha, papai, maembe. Bibi hakuwa amekosea. Mtu akipungukiwa vitamini A macho yake hushindwa kuona usiku, na maini yana vitamini hiyo kwa wingi, kwa hiyo mtoto mwenye upungufu huo akilishwa hivyo hupata nafuu. Shida yangu ilikuwa nyingine. Nilikula maini mwaka mzima na giza halikusogea hata hatua moja.

Tulikuwa tunaishi na mjomba, kaka yake mama. Mjomba hakutoka nje baada ya Magharibi. Watu walisema katupiwa jini, wengine wakasema kalishwa kitu na mke aliyemwacha. Aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya waganga. Mmoja wao alimtilia machoni maji ya majani yaliyomwasha siku tatu mfululizo, jicho la kulia likapata kidonda, likabaki na doa jeupe, na kile kidogo alichokuwa anaona kwa jicho hilo kikaisha. Ningependa mama yako asomewe aya hii peke yake, hata kama hatasikiliza mengine yote. Macho ya mdogo wako bado yanasoma. Mtu asiyatilie kitu chochote ambacho hakikutoka kwa daktari wa macho.

Saa mbili usiku, ngoma za taarifa ya habari zilipolia Redio Tanzania, mjomba alikuwa anasema, "Anayezipiga hizo haoni." Ni kweli, zilikuwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, aliyekuwa haoni na alikuwa na uwezo wa kupiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Mjomba alilisema hilo karibu kila usiku, na sisi watoto tulilizoea kama tulivyozoea zile ngoma. Hakuna aliyefikiri kwamba mimi na yeye tuna kitu kimoja. Yeye alirogwa, mimi nilikosa vitamini, basi.

Sekondari nilisoma bweni, na hapo ndipo nilipojifunza kuficha. Kutoka bwaloni hadi bwenini palikuwa na mtaro. Nilihesabu hatua mchana, 62 hadi ukingoni, kisha usiku nikawa natembea nikihesabu kimya kimya huku naongea na wenzangu kana kwamba sina neno. Siku nikipoteza hesabu nilianguka, na nikianguka nilicheka kwanza ili wao wadhani nafanya utani. Mwalimu mmoja alinichapa akidai nimemdharau, kwa sababu nilimpita bila kumwamkia. Alikuwa amesimama pembeni yangu, hatua moja tu. Ningemwambiaje kwamba sikumwona, na dakika tano kabla nilikuwa nimesoma kwa sauti maandishi madogo ya ubaoni nikiwa nyuma ya darasa?

Hapa ndipo ugonjwa huu unapowachanganya watu. Mimi mwenyewe nilikuja kuuelewa mwaka 2007, nikiwa na miaka 24, nilipopelekwa hospitali ya KCMC, Moshi. Walinitia matone ya kupanua mboni, wakanikalisha mbele ya mashine, kidevu kimeegeshwa, nikatakiwa kubonyeza kitufe kila nikiona nukta ya mwanga. Nilikaa nikisubiri nukta. Nyingi zilikuwa zimeshawaka na kuzimika bila mimi kujua.

Daktari alinieleza kwa utulivu. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, wenye seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Kuna za fito, zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu na ndizo zinazokuonyesha mambo ya pembeni. Kuna za koni, zilizosongamana katikati, zinazokupa rangi na herufi ndogo mchana. Katika ugonjwa wetu zinazotangulia kufa ni za fito. Kwanza usiku unaondoka, kisha pembeni panaliwa taratibu kuja ndani, hadi unabaki unatazama dunia kupitia kitu kama bomba, na baadaye koni nazo hufuata. Mtu mwenye macho mazima anaona upana wa nyuzi kama 180 bila kugeuza kichwa. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa asiyeona ikiwa eneo lake la kuona halizidi nyuzi 10 kutoka katikati, hata kama ndani ya tundu hilo anasoma vizuri. Ndiyo maana mdogo wako anaweza kusoma namba ya daladala iliyo mbali na papo hapo akapiga teke ndoo iliyo mbele ya miguu yake. Hajifanyi. Mwambie mama, mwambie na shangazi zake, kwa sababu hakuna neno linalouma kama hilo: "Mbona ukitaka unaona?"

Kisha daktari akaniuliza kama kuna mwanaume upande wa mama aliyekuwa na shida hii. Nilinyamaza muda mrefu kabla ya kumtaja mjomba.

Nilitoka pale na bahasha, nikaiweka chini ya godoro, na kwa miaka saba iliyofuata sikumwambia mtu ukweli wote. Mke wangu alijua nusu. Kazini hawakujua kitu. Nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari ya kata, na maisha yangu yote yalizunguka saa kumi na mbili jioni. Harusi za usiku nilikuwa "naumwa tumbo." Kikao kikichelewa nilikuwa na "mgeni nyumbani." Magharibi, Isha na Alfajiri, saa ambazo mwislamu anatakiwa aonekane msikitini, ndizo saa ambazo mimi siwezi kuvuka barabara. Nikaanza kuswalia nyumbani, imamu akaniambia kwa upole kwamba nimelegea, nikakubali kwamba nimelegea. Ramadhani ilinikuta vibaya zaidi. Watu wanaalikana kufuturu, jua limezama, mkeka umetandikwa, vikombe vya uji viko chini, na mimi nimesimama mlangoni sijui nikanyage wapi.

Na ile mikono. Mtu mzima anakunyooshea mkono pembeni, wewe huuoni, mkono unabaki hewani, anaurudisha. Kesho anawaambia watu mwalimu yule ana kiburi. Nikajaribu kutanguliza mkono wangu kila nikisikia hatua, ila kwetu kijana hamtangulizii mzee mkono, kwa hiyo nikakosea upande huo pia. Kuna wazee wawili mtaani kwetu waliofariki wakiamini kwamba niliwadharau. Hilo bado linanikaa.

Nadhani mdogo wako yuko mwanzoni mwa njia hii. Kila siku anafanya kazi mbili: ya kuishi na ya kuficha, na hii ya pili ndiyo inayommaliza. Ukimwona amelala saa kumi na moja jioni kama mtu aliyelima shamba zima, usimwite mvivu.

Kilichonitoa mimi huko si ujasiri. Ilikuwa mwaka 2014, umeme umekatika, nami natembea kwenye ukumbi wa nyumba yangu kwa mwendo wa haraka, ule mwendo wa kujionyesha kwamba najua ninakokwenda. Binti yangu alikuwa na miaka miwili. Alisikia sauti yangu akaja mbio kunipokea. Sikumwona. Nilimkumba kwa goti akaangukia ukingo wa mlango, nyusi ikapasuka. Zahanati walimshona nyuzi nne. Nesi alipouliza imekuwaje, nikasema mtoto aliteleza.

Mke wangu hakusema neno mpaka tuliporudi nyumbani na mtoto amelala. Ndipo akaniambia, "Baba watoto, leo umesema uongo juu ya damu ya mwanao." Hakupandisha sauti. Nikaitoa ile bahasha chini ya godoro, nikampa, akaisoma kwa taa ya simu mwanzo hadi mwisho.

Wiki ile ile nilikwenda kwenye tawi la Chama cha Wasioona Tanzania. Nilidhani nitakuta watu wanaolia. Nilimkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepoteza macho kwa surua akiwa mtoto, anabishana na wenzake kuhusu mpira. Ndiye aliyenifundisha fimbo, uani kwake, mwezi mzima. Siku ya kwanza alinifunga kitenge machoni. Nikamwambia, mzee, mimi bado naona kidogo. Akasema, "Najua, mwanangu. Hicho kidogo ndicho kinachokudanganya. Mguu wako unakisubiri jicho, na jicho limechelewa." Ni kweli kabisa. Anayejifunza akiwa anachungulia hujifunza nusu.

Fimbo nyeupe haitumiki kama bakora ya kuegemea. Unaishika mbele ya kitovu, unapeleka ncha kushoto na kulia kwa upana wa mabega yako. Mguu wa kulia ukitangulia, ncha inagusa kushoto, yaani inakagua mahali mguu wa kushoto utakapotua. Hiyo ndiyo siri yote, iliyobaki ni mazoezi. Baada ya wiki mbili mkono unajua wenyewe. Unasikia lami, mchanga, mfuniko wa chemba, ukingo wa mtaro. Yule mzee aliiita kidole kirefu. Ila fimbo haijui kilicho juu ya kiuno: bati la kibanda lililochomoza, kamba ya kuanikia nguo, tela la lori lililoegeshwa njiani. Mabati ndiyo yaliyoniachia alama usoni. Siku hizi sitoki bila kapelo, na kipeo chake nakielekeza mbele kabisa ili kiguse kabla ya paji la uso. Mnunulie mdogo wako kapelo anayoipenda. Hiyo hataikataa.

Siku ya kwanza kwenda kazini na fimbo nilisimama stendi nikiona mwili mzima unawaka. Nilijua wanaonijua wananitazama. Mama mmoja akanifumbata kiganja, akanitia sarafu ya mia tano. Nikamwambia, "Ahsante mama, ila mimi ni mwalimu, naenda kazini." Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi iwe nauli yako, mwanangu," akaondoka. Niliipokea. Sikuwa na hasira naye na sina hadi leo. Konda akanishika mkono akaniingiza, abiria akanipisha kiti, na nilipofika shuleni mkuu wa shule alinikuta getini. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kujitetea. Akauliza jambo moja tu: unahitaji nini ili uendelee kufundisha?

Tangu siku ile hakuna mkono ulionyooshwa kwangu ukabaki hewani. Watu wanatanguliza sauti: "Mwalimu, ni mimi fulani, nipe mkono." Imamu alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa, akaniomba radhi, nikamwambia kosa halikuwa lake. Sasa vijana wa mtaani wanapokezana kunipitia Alfajiri, na viatu vyangu vya msikitini nimevifunga uzi mnene ili vidole vivitambue kati ya viatu mia. Yote hayo yangewezekana mwaka 2007. Macho yangu ya 2007 yalikuwa bora kuliko ya 2014, na ningejifunza kila kitu kwa urahisi zaidi. Miaka ile saba siwezi kuirudisha, na ndiyo sababu hasa ya mimi kukuandikia.

Mdogo wako asisubiri giza ndipo aanze kujifunza. Nukta nundu, kwa mfano, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Wengi hudhani ni za waliozaliwa hawaoni, nami nilidhani hivyo. Louis Braille aliyezibuni alikuwa mtoto wa fundi ngozi Ufaransa, akajichoma jicho kwa msumari wa kutobolea ngozi akiwa na miaka 3, maambukizi yakamaliza na jicho la pili. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu, alikuwa ameshapanga zile nukta 6 tunazozitumia hadi leo, na ukiziandika kwa mkono unatumia kitu kinachofanana sana na kile kilichomtoboa. Nilianza kuzisoma nimeshapita miaka thelathini, vidole vya mwalimu wa chaki, vigumu. Miezi miwili ya kwanza ukurasa ulikuwa kama mchele uliomwagika. Kilichonisaidia ni kwamba Kiswahili chetu kinasomwa kama kinavyoandikwa, ukishika silabi mbili ya tatu unaikisia. Leo naingia darasani na dondoo zangu mfukoni, nazisoma kwa kidole huku uso unawatazama wanafunzi. Insha wananisomea kwa sauti. Makosa ya ngeli nayasikia kabla hawajamaliza sentensi.

Kwenye simu na kompyuta sitakaa sana, vijana wanajua kuliko sisi. Simu za Android zina TalkBack ndani yake tayari, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo, iko kwenye mipangilio. Mhakikishe anaweka sauti ya Kiswahili, maana ya Kiingereza ikisoma Kiswahili inavuruga hadi huambulii kitu. Kwa kompyuta kuna NVDA, inayofanya kazi hiyohiyo, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, na inatolewa bure. Kinachonikera hadi leo ni menyu za kutuma pesa, zile za nyota na namba: zinajifunga kabla sauti haijamaliza kusoma, na matokeo yake mtu mzima analazimika kumtajia mwingine namba ya siri. Namba ya siri ampe mtu mmoja tu wa damu, asimpe wakala hata kama ni rafiki. Na noti azikunje tangu nyumbani. Mimi elfu kumi naikunja mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili kwa urefu, elfu moja naiacha wazi. Chenji nikipewa namwomba mtu anitajie noti moja moja, nazikunja palepale.

Shuleni msikae kimya. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada kwa wenye uoni hafifu, lakini lazima shule ipeleke taarifa mapema, na haitapeleka kama yeye anaficha. Huko mbele kwenye ajira, ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni wenye ulemavu. Wengi hawaitimizi, najua, ila ni vigumu kudai kitu ambacho hujakubali kwamba kinakuhusu.

Kuhusu tiba, daktari wenu amesema kweli. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni (chembe za urithi) kwa watu wenye hitilafu kwenye jeni moja iitwayo RPE65, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho yote mawili. Jeni zinazoweza kuleta ugonjwa huu ni nyingi sana, hiyo ni mojawapo tu. Tafiti zinaendelea na mimi nazifuatilia, lakini maisha yangu sikuyasimamisha kuzisubiri. Hata hivyo asiache kliniki. Watu wa ugonjwa wetu hupata mtoto wa jicho mapema, na huo unafanyiwa upasuaji. Mimi nilifanyiwa jicho la kushoto, nikarudishiwa rangi nilizodhani zimekwenda moja kwa moja. Na vidonge vya vitamini A asimeze kwa wingi kwa kujiamulia, vikizidi vinadhuru ini.

Sasa nyumbani, dada, maana wewe ndiye uliyeuliza. Milango iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa. Mlango ulioachwa nusu ndio unaopasua uso. Ndoo, stuli na jiko viwe na mahali pake, na atakayevihamisha aseme. Ukiingia chumbani mtaje jina lako, ukitoka mwambie unatoka, usimwache anaongea na ukuta. Ukimwongoza usimsukume wala kumvuta kwa fimbo, mpe kiwiko chako akishike, wewe tangulia nusu hatua, mwili wako utamwambia kona na ngazi. Aendelee kufua nguo zake na kuchota maji kama zamani. Mjomba wangu hawakumwachia hata kujipakulia chakula, wakidhani wanamhurumia, na nilimwona akizeeka kabla ya wakati wake pale barazani.

Fimbo msimlazimishe. Ana miaka 19, anafikiria wasichana, anafikiria wenzake watasemaje, na hayo si mambo madogo. Zipo fimbo za kukunja zinazoingia kwenye begi la shule. Mwambieni ni ya usiku tu, ya kutoka prepo hadi bwenini, mchana ibaki ndani ya begi. Mimi ningeikubali kwa sharti hilo nilipokuwa nahesabu zile hatua 62. Na mtafutieni kijana mwenzake mwenye ugonjwa huu, maana sisi wakubwa tukiongea anasikia hotuba.

Ipo siku atauliza kuhusu kuoa na kuzaa. Asidanganywe. Ugonjwa huu unarithiwa kwa njia zaidi ya moja, na daktari akichora ukoo wenu anaweza kuwaeleza yenu ni ipi. Kwetu unapita kwa akina mama na kuwashika watoto wa kiume: wanangu wa kiume hawakuuchukua kwangu, ila kila binti yangu ameubeba bila yeye kuumwa, na akija kuzaa mtoto wa kiume, uwezekano wa kumpa ni nusu kwa nusu. Binti yangu, yule mwenye kovu kwenye nyusi, nilimweleza mwaka jana. Aliuliza kama mtoto wake ataona mchana. Nikamwambia ndiyo, kwa muda mrefu. Akauliza kama nitakuwa hai kumfundisha fimbo. Nikamwambia Mungu akipenda.

Kama ataikubali hiyo ya kukunja, msinunue yoyote mliyoikuta. Asimame wima bila viatu, mpime kutoka sakafuni hadi ncha ya chini ya mfupa wa katikati ya kifua, kisha uniandikie hapa sentimita ngapi na mko mkoa gani. Yule mzee wangu bado anafundisha, na anawajua walimu wa fimbo wa mikoa mingi.